Kabla ya Kulipia Yai la Kienyeji, Uliza Kuku Alikula Nini

Kwa karibu mwaka mzima mwanangu wa kwanza alikuwa akila yai moja kila baada ya siku mbili, kwa sababu niliamini mayai ya kienyeji peke yake, na dukani kwa jirani yalikuwa yakiuzwa shilingi 500 kwa yai wakati ya kisasa yaliuzwa 300. Siku alipopimwa kliniki hapa Morogoro na kuonekana ana upungufu wa damu, muuguzi aliniuliza mtoto anakula nini kwa wiki, nami nikaanza kumweleza kwamba nyumbani kwetu vya kisasa haviingii. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mama, sijakuuliza ni ya aina gani. Nimekuuliza anakula kiasi gani."

Swali hilo lilinikaa rohoni. Tangu siku hiyo nimesoma, nimeuliza wafugaji na wataalamu wa lishe, na nimefuga kuku wangu mwenyewe. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya mzazi mwenzangu anayesimama gengeni akiwa na fedha ya kuhesabu, akijiuliza kama chakula kinachoitwa cha asili kinastahili bei yake. Tofauti ya virutubisho ipo, lakini iko mahali pachache, hutokana zaidi na malisho kuliko jina, na si kubwa kiasi cha kukufanya upunguze chakula cha mtoto ili uimudu.

Nianze na yai, maana ndilo lililonifundisha. Nilipoanza kufuga, nilinunua kuku kumi aina ya chotara, wale ambao sokoni mayai yao huitwa ya kienyeji bila mtu kuuliza zaidi. Niliwafungia bandani nikawalisha pumba za mahindi meupe na mashudu ya alizeti. Nilipovunja mayai yao bakulini, kiini kilikuwa cheupe kama cha yai lolote la dukani, na hapo nikajua kwamba hata niliyokuwa nikiyanunua kwa 500 huenda yalitoka kwenye banda kama langu. Nikaanza kuwafungulia asubuhi waparue shambani, na jioni nikawatupia majani ya mchicha na ya mlonge. Hazikupita wiki mbili, kiini kikageuka rangi ya chungwa iliyokolea. Kuku walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni walichokula.

Rangi hiyo hutokana na karotenoidi, yaani rangi za asili za mimea kama karotini, zilizomo kwenye majani na mahindi ya manjano, na mfugaji anaweza kuipata hata kwa kuchanganya unga wa maua au pilipili nyekundu kwenye chakula cha kuku, kwa hiyo rangi peke yake si ushahidi kwamba yai lina lishe zaidi. Hata hivyo kuku anayekula majani na wadudu hutaga yai lenye mafuta bora zaidi: watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State nchini Marekani walieleza mwaka 2010 kwamba mayai ya kuku waliochungwa malishoni yalikuwa na vitamini E mara mbili, na omega-3 (aina ya mafuta yenye faida mwilini) mara mbili na nusu, ya mayai ya kuku wa vizimbani. Protini ni jambo jingine. Ni karibu sehemu moja ya nane ya uzito wa sehemu ya yai inayoliwa, awe kuku ametembea au amefungiwa, na kwa kuwa yai la kienyeji mara nyingi ni dogo, lile la gramu 40 humpa mtoto protini pungufu kwa theluthi moja kuliko la kisasa la gramu 60. Mimi nilikuwa nalipa zaidi ili mwanangu apate kidogo.

Kwenye nyama, sisi tuna bahati ambayo wengi hatuijui. Katika nchi ambako ng'ombe hunenepeshwa kwa nafaka, watu hulipa bei ya juu kupata nyama ya ng'ombe aliyekula majani tu, ilhali sehemu kubwa ya nyama iliyoning'inia kwenye bucha zetu hutoka kwa ng'ombe wa machungani. Mafuta yake ya manjano ni karotini ya majani ile ile. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, ulikusanya tafiti nyingi na kuona kwamba maziwa na nyama za kilimo hai, yaani kisichotumia mbolea wala viuatilifu vya viwandani, zilikuwa na omega-3 zaidi kwa takriban asilimia 50, hasa kwa sababu mifugo hiyo hula majani zaidi; lakini maziwa hayo yalikuwa na madini joto pungufu. Ongezeko la asilimia 50 linasikika kubwa mpaka ukumbuke kwamba nyama ya ng'ombe ina omega-3 kidogo sana tangu mwanzo. Vibua wawili wa kukaanga watakupa nyingi zaidi kuliko kilo ya nyama ya malishoni. Madini ya chuma, zinki na vitamini B12, ambavyo ndivyo hasa tunavyoifuatia nyama, havibadiliki kwa kiasi cha maana.

Kuhusu mboga na matunda nitasema machache. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipitia tafiti zaidi ya mia mbili na hawakuona tofauti kubwa ya vitamini kati ya mazao ya kilimo hai na ya kawaida. Mwaka 2014 wale wa Newcastle waliona yale ya kilimo hai yana viondoasumu vingi zaidi, yaani vitu vinavyokinga seli za mwili zisidhurike, na kadimiamu, madini yenye sumu, kidogo. Wote waliafikiana kwamba mabaki ya viuatilifu ni machache kwenye mazao ya kilimo hai, na kwangu hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kuyatafuta. Nyanya zenye vumbi jeupe la dawa mimi siziweki kapuni, hata zikishushwa bei. Ila mchicha uliochumwa alfajiri ukauzwa asubuhi una vitamini C zaidi ya ule uliokaa juani hadi saa kumi jioni, hata kama huo wa jioni haukuwahi kunyunyiziwa chochote.

Neno asili lisikulaze usingizi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, iliwapata watu 317 na kuua 125 kati yao, na mahindi yaliyowadhuru mengi waliyalima wenyewe na kuyahifadhi nyumbani. Jina kienyeji halina mkaguzi. Alama ya Kilimohai, iliyojengwa juu ya viwango vya Afrika Mashariki vya mwaka 2007, inayo masharti yake, lakini nayo huthibitisha namna zao lilivyolimwa, haipimi vitamini zilizomo. Ukinunua kwa mfugaji, muulize kuku wanakula nini, wanafunguliwa saa ngapi, na mara ya mwisho walipewa dawa lini, kwa sababu dawa nyingi za mifugo zina siku za kusubiri kabla ya nyama au yai kuliwa, na mfugaji mwaminifu atakutajia bila kusita.

Mwanangu sasa anakula yai kila siku, ya kuku wetu yakiwapo na ya trei ya kisasa yanapopungua. Mara mbili kwa wiki anapata maini au dagaa, mchicha wake unaungwa kwa nazi ili mafuta yasaidie mwili kufyonza karotini, na baada ya chakula anapewa kipande cha chungwa au papai badala ya chai, kwani chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Miezi minne baadaye tulirudi kliniki kupima damu, na muuguzi yule yule akaandika kwenye kadi kwamba kiwango kimefika panapotakiwa.