Sindano ya homoni na wiki ya tatu

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni dereva wa lori, miaka 42. Mwaka jana niliambiwa homoni ya kiume iko chini, na tangu hapo nachomwa Sustanon 250 kila baada ya wiki tatu. Wiki ya kwanza najisikia kijana. Ikifika ya tatu, mimi si mtu: uchovu, hasira za bure, chumbani ndiyo usiseme. Nilirudi hospitali nikapimwa, siku ya nne baada ya sindano, wakasema homoni imejaa tele, labda ni mawazo tu. Muuza dawa ananishauri nichome mbili kwa mpigo. Mke wangu naye anataka tuongeze mtoto. Nifanyeje?
Dereva, Makambako

JIBU: Marahaba, dereva. Ushauri wa muuza dawa uache hapo hapo dukani kwake.

Sustanon ni testosteroni (ndiyo hiyo homoni ya kiume) za aina nne ndani ya mafuta ya karanga (mwenye mzio wa karanga asiiguse). Siku za mwanzo homoni hufurika kwenye damu, kisha hushuka, na kwa wengi huwa imefika chini wiki ya tatu inapoisha. Ukipimwa siku ya nne, majibu makubwa hayana ajabu yoyote. Rudi upimwe asubuhi ya siku ya sindano, kabla hujachomwa. Kipimo hicho ndicho kitakachoeleza hasira zako.

Sasa piga hesabu. Miligramu 250 kwa wiki tatu ni kama 83 kwa wiki, na wanaotumia sindano za jamii hii kila wiki hupewa kati ya 75 na 100. Kwa hiyo dozi yenyewe si haba, ila unaimeza kama mshahara unaoliwa wote tarehe mbili. Muulize daktari wako kuhusu kuigawa: kidogo kila wiki, au kila baada ya wiki mbili. Ukichoma mbili kwa mpigo, mlima utakuwa mrefu zaidi na bonde bado litakuwepo.

Ipo pia sindano ya muda mrefu, testosteroni undekanoati ya miligramu 1,000. Ya pili huweza kuchomwa wiki ya sita, kisha kila wiki 10 hadi 14. Kwa mtu wa safari inafaa sana, ukiipata na ukiimudu. Jeli ya kupaka kila asubuhi nayo hutuliza mambo, lakini kama una mtoto anayependa kulala kifuani pako, mimi nisingekuandikia. Homoni humhamia.

Lakini kilichonishtua katika barua yako ni hilo la mtoto. Hivi hakuna aliyekuuliza kabla ya sindano ya kwanza? Testosteroni ya kuchomwa huiambia tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, kwamba kazi imeshafanywa. Tezi huacha kuziamuru korodani, na mbegu hupungua, kwa wengine hadi sifuri. Baada ya kuacha, huchukua miezi kurudi. Omba kipimo cha mbegu, na utafute majibu ya LH na FSH, homoni ambazo tezi hiyo huziamuru korodani kwazo, yaliyochukuliwa kabla hujaanza. Yakichukuliwa sasa, sindano imeshayavuruga. LH ikiwa ilikuwa chini, tatizo liko juu kwenye tezi, na zipo sindano za hCG, homoni inayofanya kazi kama LH, zinazoamsha homoni na mbegu pamoja. Ikiwa ilikuwa juu, korodani zenyewe ndizo zilizochoka, na hapo mazungumzo ni mengine. Usiache dawa ghafla peke yako. Mwende wote wawili, wewe na mama.

Siku hiyo hiyo wapime wingi wa damu. Hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikipita asilimia 54, sindano husimamishwa kwanza, kwa kuwa damu imekuwa nzito, nawe unakaa kwenye usukani saa nyingi. Kwenye safari ndefu shuka utembee. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, paki lori uende hospitali iliyo karibu, hata kama mzigo unasubiriwa Tunduma.

Ukiniandikia tena, taja tarehe ya sindano na tarehe ya kipimo.