Mabaraza ya wauguzi yasiyoamua kitu: yanakwama wapi na yanarekebishwaje

Muuliza swali ameeleza kwamba hospitali yao iliunda mabaraza matano ya wauguzi kwa mpigo. Mwaka haujaisha, na tayari wanaohudhuria wanahesabika kwa vidole, vikao vimekuwa mahali pa kulalamika, na kila azimio linapanda kwa mkurugenzi wa uuguzi kusubiri saini. Anauliza: wayavunje, au wabadilishe wenyeviti?

Kubadilisha wenyeviti hakutasaidia. Ninavyoyafahamu mabaraza ya aina hii, yanauawa na mambo mawili ambayo yalitakiwa kumalizwa kabla ya kikao cha kwanza: hakuna karatasi inayosema baraza linaamua nini lenyewe, na hakuna saa zilizotengwa kwenye rosta. Utoro, malalamiko na wenyeviti waliochoka vinazaliwa hapo.

Nianze na mamlaka. Tim Porter-O'Grady, muuguzi wa Marekani ambaye maandiko yake ya miaka ya 1980 ndiyo yaliyoueneza hospitalini mfumo huu wa wauguzi kuamua mambo ya taaluma yao kupitia mabaraza, aliujenga juu ya nguzo nne: ubia, usawa, uwajibikaji na umiliki. Mbili za kwanza hutajwa sana kwenye hotuba za uzinduzi. Kazi inafanywa na mbili za mwisho. Muuguzi mwenye leseni anawajibika kwa huduma anayoitoa kwa mkono wake. Likitokea kosa la dawa, anayeitwa kujieleza ni yeye. Kwa hiyo utaratibu wa kutoa dawa hiyo hauwezi kuandikwa na watu wasioshika trei ya dawa, kisha yeye akaombwa "maoni". Kuombwa maoni ni kushirikishwa. Utawala wa kitaaluma unaanza pale wauguzi wanapokuwa na neno la mwisho juu ya mambo ya taaluma yao, na wanapojibu wao kwa matokeo yake.

Kwa hiyo, kabla ya kikao kingine chochote, kaeni mkurugenzi wa uuguzi, wakuu wa wodi wawili watatu na wauguzi wa zamu wanne hivi, mchore jedwali la safu tatu. Safu ya kwanza: baraza linaamua, uongozi unatekeleza. Safu ya pili: baraza linapendekeza, uongozi unajibu kwa maandishi. Safu ya tatu: uongozi unaamua, baraza linapewa taarifa na sababu. Kisha chukueni maamuzi halisi 25 au 30 yaliyofanyika mwaka uliopita, myaweke moja moja kwenye safu zake. Msiandike maneno mapana kama "masuala ya ubora", kwa sababu kila mtu atayatafsiri kivyake siku ya mgogoro.

Mgawanyo hukaa hivi. Namna ya kukabidhiana zamu, ratiba ya kumgeuza mgonjwa aliye hatarini kupata vidonda vya kulalia, fomu ya tathmini ya hatari ya kuanguka, mada za mafunzo ya wodi, vigezo vya umahiri wa muuguzi mpya: hayo ni ya safu ya kwanza. Ununuzi wa magodoro, idadi ya wauguzi kwa zamu na utaratibu wa muuguzi kuondoa mpira wa mkojo bila kusubiri agizo jipya ni safu ya pili. Ununuzi na idadi ya watu vina bajeti ndani yake, na huo wa mpira lazima madaktari wakubaliane nao. Nidhamu ya mtu mmoja mmoja, mishahara na mikataba haviingii barazani hata kidogo. Mishahara na mikataba ina chama cha wafanyakazi. Baraza likianza kuigusa, litagombana na chama na kupoteza imani ya uongozi kwa wakati mmoja.

Safu ya pili inahitaji kipengele kimoja ambacho wengi husahau: muda wa kujibu. Andikeni siku 14. Uongozi usipojibu, pendekezo lisilohitaji fedha wala makubaliano ya madaktari linaanza kutumika kwa majaribio, na linalohitaji fedha linaingia moja kwa moja kwenye ajenda ya kikao kijacho cha menejimenti. Kura ya turufu ya mkurugenzi nayo iwekewe mipaka: anaweza kuzuia azimio la safu ya kwanza kwa sababu tatu tu, yaani linavunja sheria, linahatarisha mgonjwa, au linazidi bajeti iliyoidhinishwa. Sababu iandikwe na iende kwa wajumbe wote. Pasipo mipaka hiyo, jedwali lote ni pambo.

Kuhusu idadi ya wauguzi kwa zamu nina msimamo. Fedha ni za uongozi, sawa, lakini baraza lisikubali kuambiwa kwamba suala hilo haliwahusu. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake uliochapishwa mwaka 2002, uliofanyika katika hospitali za Pennsylvania, Marekani, ulikuta kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezeka kwa muuguzi anaambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Baraza la ubora lipewe kila mwezi takwimu za wagonjwa kwa muuguzi kwa kila zamu, usiku ukitenganishwa na mchana. Wastani wa mwezi mzima unaficha usiku mbovu.

Sasa saa. Hapa ndipo nia njema nyingi huishia, kwa hiyo pigeni hesabu wazi na mwipeleke kwa mhasibu. Baraza la wodi lenye wajumbe 8, kikao cha saa 2 kila mwezi, ni saa 192 kwa mwaka. Mwenyekiti anahitaji saa 4 za ziada kila mwezi za kuandaa ajenda na kufuatilia, hizo ni 48. Jumla 240 kwa wodi. Hospitali yenye wodi 12 itahitaji saa 2,880. Muuguzi mmoja wa muda wote, ukitoa likizo na mafunzo, hufanya kazi kama saa 1,800 kwa mwaka. Basi gharama ya mfumo mzima ngazi ya wodi ni kama muuguzi 1.6. Uongozi ukiona namba hiyo utaamua kama unautaka mfumo au hauutaki, na jibu lolote ni bora kuliko hali ya sasa, ambapo gharama inalipwa na muuguzi anayekuja siku yake ya mapumziko bila malipo. Huyo atakuja mara tatu, kisha ataacha, na hana kosa.

Saa hizo ziingie kwenye rosta inapopangwa, kwa jina la mjumbe, kama zamu nyingine yoyote. Siku ya kikao wodi ikizidiwa, kikao kinaahirishwa. Mgonjwa hakai bila mtu kwa ajili ya kikao. Ila kikiahirishwa mara mbili mfululizo, taarifa iende kwa mkurugenzi, kwa sababu hiyo tayari ni dalili ya upungufu wa watu.

Juu ya muundo sitasema mengi. Anzeni na wodi mbili au tatu kwa miezi sita, si hospitali nzima. Wodi yenye wauguzi 30 hadi 40 inatosha wajumbe 7 hadi 9, waliochaguliwa na wenzao, angalau wawili wawe wanaofanya usiku zaidi. Kipindi kiwe miaka miwili, nusu wakiondoka kila mwaka ili kumbukumbu isipotee. Mwenyekiti awe muuguzi wa zamu. Mkuu wa wodi anaingia bila kura. Mabaraza ya hospitali nzima (utendaji, yaani kazi ya uuguzi yenyewe, ubora, elimu, na moja la uratibu) yaje baadaye, yakibebwa na wenyeviti wa wodi. Kuunda ya juu kwanza, kama mlivyofanya, kunazaa vikao vinavyojadili wodi ambazo wajumbe hawazijui.

Kikao chenyewe kiwe na ajenda tatu tu, na kila moja ipewe alama mapema: ya kuamua, ya kujadili, au ya taarifa. Hoja haiingii mpaka iwe na ukurasa mmoja unaojibu: tatizo ni nini, ushahidi upo wapi, tutapima nini, nani ataguswa, gharama ni ipi. Ukurasa huo ndio dawa ya malalamiko. Mtu anayesema "famasia wanachelewesha dawa" anaombwa alete saa za kuagiza na saa za kupokea kwa dozi 20. Akizileta, tayari ni hoja. Asipozileta, kikao hakijapotezewa muda. Akidi iwe zaidi ya nusu ya wajumbe. Muhtasari utoke ndani ya saa 72, ukionyesha azimio, mhusika na tarehe. Kila mjumbe apewe wenzake wanne au watano wa kuzungumza nao kabla na baada ya kikao, ana kwa ana. Tangazo ukutani halimfikii mtu wa usiku.

Nitoe mfano wa hoja moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana hapo ndipo mtu anaelewa. Wodi ina vitanda 30, wastani wa wagonjwa 27 kwa siku. Mwezi wa siku 30 una siku-wagonjwa 810, yaani wagonjwa 27 mara siku 30. Wameanguka wagonjwa 4. Gawanya 4 kwa 810, zidisha kwa 1,000, unapata 4.9 kwa kila siku-wagonjwa 1,000. Namba hiyo ndiyo ya kutumia, kwa sababu wodi ikijaa au ikipungua unaweza bado kulinganisha. Baraza linapitia ripoti za miezi sita na kuona wengi walianguka wakienda msalani, na saa zinarundikana karibu na makabidhiano ya zamu. Linaamua mambo mawili: makabidhiano yafanyike kando ya kitanda, na mzunguko wa kumuuliza mgonjwa kuhusu choo, maumivu na kugeuka ufanyike kila saa moja mchana na kila saa mbili usiku, kwa majaribio ya wiki 8.

Wengi wanakosea kwenye upimaji. Wanapima maanguko peke yake. Pimeni pia kama mizunguko inafanyika kweli, kwa mtu kukagua vitanda 10 bila taarifa mara mbili kwa wiki, na pimeni kama dawa za saa zinachelewa zaidi kuliko awali, kwa sababu dakika za mzunguko zinatoka mahali fulani. Msitangaze ushindi kwa mwezi mmoja wenye maanguko 2. Namba ndogo hivyo hupanda na kushuka zenyewe. Chora grafu ya siku zilizopita kati ya anguko moja na lingine. Alama sita mfululizo zikikaa juu ya mstari wa kati wa awali, yaani ule unaogawa nusu kwa nusu alama za kabla ya majaribio, hapo kuna badiliko. Na mizunguko ikiwa inafanyika asilimia 40 tu, hamjajaribu kitu bado. Rudini kwa wauguzi muulize kinachowazuia.

Kuna kundi ambalo mfumo huu unaliumiza kimyakimya: wakuu wa wodi. Jana walikuwa wanaamua, leo wanaambiwa wakae bila kura. Wasipoandaliwa watalikwamisha baraza bila kusema neno, kwa kusahau kupanga saa za wajumbe kwenye rosta. Wapewe mafunzo ya kuuliza maswali badala ya kutoa majibu, ya kusoma bajeti pamoja na baraza, na ya kufungua milango kwa idara nyingine. Tathmini yao ya mwaka iwe na kipengele cha maazimio mangapi ya baraza lao yametekelezwa kwa wakati. Kipengele hicho kinageuza tabia haraka kuliko semina.

Upande wa pili, baraza nalo lijibu. Likiamua ratiba ya kugeuza wagonjwa na vidonda vikaongezeka, mwenyekiti ndiye anayesimama kueleza takwimu mbele ya menejimenti, si mkuu wa wodi. Nimeona mabaraza yanayotaka nusu ya kwanza tu ya mpango huu: kuamua bila kujibu. Hayo hayadumu, na uongozi una haki ya kuyatilia shaka.

Kupima mfumo wenyewe kipo kipimo kizuri, kile alichokitunga Robert Hess, muuguzi mtafiti wa Marekani, na kukichapisha mwaka 1998. Kina maswali 86, kila moja alama 1 hadi 5, yakiuliza nani hasa anashika mamlaka juu ya utendaji, wafanyakazi, rasilimali, taarifa, ushiriki, na upangaji wa malengo pamoja na utatuzi wa migogoro. Jumla ya 86 hadi 172 ni utawala wa kimenejimenti wa kawaida; 173 hadi 344 ni wa kugawana; 345 hadi 430 wauguzi wanajitawala. Msiishie kwenye jumla. Angalieni kila eneo peke yake, na linganisheni majibu ya wauguzi wa zamu na ya viongozi. Viongozi wakijiona wapo 220 na wauguzi wakisema 150, tofauti hiyo ndiyo ajenda yenu. Pimeni kabla ya kuanza upya, kisha baada ya miezi 12 hadi 18. Mapema zaidi ya hapo mtapima msisimko.

Basi kwa hali yenu: simamisheni mabaraza manne kwa barua inayoeleza sababu, mbakize la utendaji, na kazi yake ya kwanza iwe kusimamia jedwali la safu tatu. Jedwali hilo lisainiwe na mkurugenzi. Chagueni wodi mbili ambazo wakuu wake wanautaka mfumo, si zile zenye matatizo makubwa zaidi. Mpeni mhasibu hesabu ya saa 480 kwa mwaka za wodi hizo mbili. Akikataa, msiitishe kikao. Rudini kwa mkurugenzi na hesabu hiyo hiyo mkononi.