Ukipigiwa simu na wageni wanaotaka kuja kupiga filamu Unguja

Simu huwa hivi: "Tunakuja wiki ijayo, watu saba, tunataka Mji Mkongwe, tunataka dau, na droni tunayo." Wewe kijana unayeanza kazi hii ya kupokea wapiga filamu, usikimbilie kusema hewala. Uliza kwanza karatasi.

Wengi hushika kibali cha Dar es Salaam wakadhani wamemaliza. Hawajaanza. Filamu si jambo la Muungano, na huku kwetu, Unguja na Pemba, mlango wa kubisha hodi ni BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni. Droni ni hadithi nyengine, maana usafiri wa anga na ulinzi ni mambo ya Muungano: hapo utazungumza na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na wanajeshi nao watataka kujua. Mie huwaambia wageni wangu kwamba kamera ikiwa chini ni ya Zanzibar, ikiruka tu inakuwa ya Muungano. Hucheka, kisha wanaona siku zinavyokwenda.

Viza ya utalii si ya kufanyia kazi. Ulizeni Uhamiaji mapema, msije mkaulizwa nyie. Na tangu Oktoba 2024 kila mgeni mtu mzima anayeingia Zanzibar hukata bima ya dola 44, hata kama kwao anayo nyengine.

Vifaa ndivyo vilivyonitoa jasho. Wazungu wamezoea ATA Carnet, kile kitabu kinachowapitisha forodha bila kulipa. Tanzania haimo katika mpango huo. Kwa hiyo tengeneza orodha: kila kifaa, thamani yake, na namba iliyochongwa mwilini mwake. Kuna kundi nililolipokea uwanja wa ndege, lenzi moja haikuwemo kwenye orodha. Lenzi moja tu! Mzigo mzima ulilala siku mbili, na sisi tukalala nao kwa simu. Betri nazo wabebe mkononi ndani ya ndege. Zinazozidi wati-saa (Wh) 100 lakini hazipiti 160 ziombewe ruhusa ya shirika kabla ya safari; zinazopita hapo hazipandi ndege ya abiria.

Hayo yote yana ofisi zake. Bahari haina ofisi. Mwongozaji mmoja alikuja na picha yake kichwani: kina mama wa mwani Paje, jua linazama baharini nyuma yao, maji ya dhahabu. Nikamwambia, bwana, Paje ni mashariki. Jua huzama nyuma ya minazi. Hakuniamini, akafungua ramani ya simu, akaigeuza mara mbili. Basi, akasema, hata bila jua, jioni.

Nikampeleka kwa sheha, yaani mkuu wa shehia, kwa sababu kibali cha mjini hakikuzuii kufukuzwa pwani, na sheha akatukutanisha na kina mama wenyewe. Tukakubaliana malipo pale pale, kabla kamera haijatoka mkobani. Mwongozaji akaeleza habari ya jioni, nikatafsiri. Bibi mmoja akamtazama, akaweka kiganja kifuani pake. "Mwanangu, saa hizo maji yako hapa." Ilikuwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na bamvua huku maji hupwa mnamo saa nne asubuhi, yakajaa alasiri. Vigingi na kamba za mwani haviguswi mpaka maji yaondoke. Kwa hiyo kabla ya kupanga ratiba na mgeni, tazama mwezi. Maji mafu, ya mwezi nusu, nayo hayatoki mbali, utapata bahari lakini hutapata mwani.

Mtu wa sauti mpe nyakati za sala mapema. Mji Mkongwe msikiti haupo mbali na msikiti mwengine, na adhana hairudiwi kwa ajili yake.

Siku ya kupiga tulifika pwani saa nne na robo, chai ya hoteli ilichelewa. Bibi yule alikuwa keshaingia, kamba begani, kanga imefungwa juu ya magoti. Akatuuliza tulikuwa wapi.