Utakapotua Toronto mwezi Januari

Dada yangu, umeuliza ufanyeje utakapofika Toronto kwa masomo, nawe hujawahi kusafiri mbali zaidi ya Nairobi. Lililo zito kuliko yote ni karatasi: barua ya chuo ya kukupokea, barua ya uhamiaji ya kuidhinisha ombi lako na ushahidi wa fedha zikae katika mkoba wa mkononi, kamwe zisiingie katika sanduku linalopakiwa tumboni mwa ndege, kwa sababu kibali chenyewe cha masomo hutolewa na afisa palepale uwanjani, nawe uhakiki jina na tarehe kabla hujaondoka mbele yake. Koti zito pia lishike mkononi, maana baridi ya huko hushuka chini ya sufuri na leso ya kujitanda haitakutosha.

Kuhusu usingizi, msimu huo Toronto huwa nyuma ya Mombasa kwa saa 8, hivyo saa 10 jioni ya kwao ni usiku wa manane kwetu. Usilale; toka upate mwanga, ule chakula chepesi, uvumilie hadi saa 3 usiku. Mwili huhitaji takriban siku moja kwa kila saa ya tofauti, kwa hiyo usihofu ukiamka alfajiri wiki nzima. Mama mpigie asubuhi ya huko, wakati nyumbani ni alasiri.