Kabla Mgonjwa Hajashindwa Kulala Kifudifudi

Wiki iliyopita niliandikiwa na msomaji ambaye baba yake ana saratani ya tezi dume iliyosambaa hadi kwenye uti wa mgongo, na sasa analala ameketi kitini. Aliniuliza kama kumwongezea mofini, ile dawa kali ya maumivu, ndiyo njia pekee iliyobaki. Niliusoma ujumbe huo mara tatu, kwa kuwa ningeweza kuuandika mimi mwenyewe nilipokuwa nikimuuguza mama.

Saratani ya mama ilianzia kwenye titi. Ilipofika mifupani, ilidhoofisha pingili moja ya kiuno hadi ikabonyea, kisha ikaota uvimbe kwenye mfupa wa nyonga. Kugeuka kitandani kulimchukua hatua nne: goti, kiwiko, pumzi, halafu ukimya, na huo ukimya ndio niliouogopa. Daktari wa kwanza alitueleza kwamba hakuna la kufanya tena, nasi kwa adabu zetu tukamshukuru na kuondoka. Kuhusu saratani yenyewe huenda alikuwa sahihi, lakini kuhusu maumivu alikosea, na sijui kama nimemsamehe.

Miezi miwili ilipita kabla sijauliza kwingine, nikiwa na daftari mkononi na aibu nimeiacha nyumbani. Nyonga ilitibiwa kwa mionzi, dozi moja tu, kwa sababu kwa kutuliza maumivu ya mfupa dozi moja mara nyingi husaidia sawa na mfululizo wa dozi nyingi. Tulionywa kwamba maumivu yanaweza kupanda siku za mwanzo na nafuu kuchelewa kwa wiki kadhaa, na ndivyo ilivyokuwa.

Ile pingili ilihitaji zaidi, maana mionzi haiwezi kuushikilia mfupa uliokwisha kubonyea. Hapo ndipo tulipokutana na daktari bingwa wa radiolojia tiba, yaani anayetibu kwa sindano huku akitazama picha za eksirei. Kwanza aliuunguza uvimbe kwa joto la mawimbi ya redio, kisha akaingiza saruji ya mifupa, ambayo huchanganywa hadi iwe nzito kama dawa ya meno na kukauka kwa dakika chache. Njia hii ya saruji ilianza Ufaransa mwaka 1984, kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba ni majaribio ya juzi.

Kilichoniuma ni kwamba miadi ya kwanza iliahirishwa. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, na mama hakuweza tena. Tulisubiri hadi daktari wa usingizi alipopatikana. Tungeenda miezi miwili mapema, angejilaza mwenyewe. Kesho yake baada ya sindano alisimama bila kushika ukingo wa kitanda, nami nakiri kwamba nilijivuna kana kwamba mimi ndiye niliyeichoma.

Ndiyo maana nasema uliza mapema, na ukijibiwa vibaya, uliza tena. Uliza kama uvimbe unaweza kugandishwa kwa baridi kali, njia ambayo humwezesha daktari kuona donge la barafu kwenye picha za CT, yaani eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili tabaka kwa tabaka. Uliza kuhusu mawimbi ya sauti yanayokusanywa mahali pamoja bila kutoboa ngozi, na kuhusu kuziba neva zinazosafirisha maumivu. Si kila mfupa unafaa kwa kila njia, tena saruji inaweza kuvuja kuelekea kwenye neva au mishipa ya damu, kwa hiyo usitafute daktari asiyetaja hatari. Wala hakuna njia yoyote kati ya hizi inayoponya saratani. Mama aliendelea na vidonge vyake, ila vichache kuliko awali. Na miguu ikilegea au mkojo ukishindwa kuzuilika, hayo si mambo ya kusubiri miadi: mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa.

Msomaji wangu amenijibu jana kwamba wamepata miadi. Nimemwambia aandike dawa zote anazotumia baba yake, hasa za kuzuia damu kuganda, maana ndilo swali la kwanza tuliloulizwa na hatukuwa na jibu.