Ukungu Huzaa Ukungu: Maswali Yenu Juu ya Mvinyo wa Loire

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache tu bonde la mto Loire nchini Ufaransa, na maswali yakamiminika. Nimechagua sita. Kwa asiyelijua bonde hilo, Loire ndio mto mrefu kuliko yote ya Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000. Unaanzia milima ya kusini, unapanda kaskazini, kisha unageukia magharibi hadi Atlantiki, baada ya kuupita mji wa Nantes. Mizabibu inaufuata sehemu kubwa ya njia hiyo. Kwa hiyo anayeniuliza "mvinyo wa Loire ukoje?" namrudishia swali: wa Loire ipi?

Nahudumu kwenye hoteli hapa Arusha. Mgeni aliagiza Sancerre, nikamwambia hatuna, ila Sauvignon Blanc ipo. Akanicheka mbele ya wenzangu. Nilikosea wapi?

Hukukosea, kaka, na mgeni hakuwa na sababu ya kukucheka. Sancerre ni mji ulio juu ya kilima, upande wa mashariki wa bonde. Sauvignon Blanc ni zabibu inayolimwa pale kwa ajili ya mvinyo mweupe. Mfaransa wa Loire huandika mahali kwenye chupa, zabibu anakuachia uijue mwenyewe, kama sisi tunavyosema mchele wa Kyela bila kutaja mbegu. Ng'ambo ya mto kuna Pouilly-Fumé, nayo ni zabibu ileile.

Kinachowafanya watu wang'ang'anie jina la mahali ni ardhi. Vilima vya Sancerre vina mashamba yenye mawe ya gumegume, mengine yana kokoto za chokaa, na mengine yana udongo mzito uliojaa visukuku vya chaza wadogo, kwa sababu zamani sana pale palikuwa bahari. Wanywaji wengi husema mvinyo wa kwenye gumegume unanukia kama mawe mawili yaliyogonganishwa.

Kariri haya machache yatakusaidia kazini: Vouvray na Savennières ni Chenin Blanc, Chinon na Bourgueil ni hasa Cabernet Franc, Muscadet ni Melon de Bourgogne. Mgeni akitaka Sancerre nyekundu usishangae. Ipo, ya zabibu ya Pinot Noir.

Shikamoo. Sisi huku Hombolo, Dodoma, tuna Chenin Blanc shambani. Nasikia kwao ni Loire, na kwamba huko inatoa mvinyo mkavu, mtamu na hata wenye mapovu. Zabibu moja inawezaje?

Marahaba. Swali lako ndilo lililonifurahisha kuliko yote, maana Chenin ndiyo zabibu ninayoipenda kupita zote. Kwao ni Anjou na Touraine, katikati ya bonde. Waholanzi waliifikisha Rasi ya Tumaini Jema katika karne ya 17, ikaitwa Steen, na mpaka miaka ya 1960 ndipo ilipothibitishwa kwamba Steen na Chenin ni kitu kimoja.

Siri yake ya kwanza ni uchachu. Zabibu nyingi zikizidi kuiva uchachu hukimbia, ukabaki utamu mtupu kama sharubati. Chenin inaiva, inapitiliza kuiva, na bado ule ukali wa ndimu umo ndani. Siri ya pili ni kwamba haiivi kwa pamoja. Mzabibu mmoja, hata kishada kimoja, kina punje zilizo tayari na punje za kusubiri.

Sasa mkulima wa Vouvray hupita shambani zaidi ya mara moja. Zabibu za mwanzo, kali na zenye sukari kidogo, ni za mapovu: mvinyo wake hutiwa chupani pamoja na sukari na hamira, unachachuka mara ya pili, na gesi inakosa pa kutokea. Zinazofuata ni za mvinyo mkavu, yaani ule ambao hamira imekula sukari karibu yote. Zile za mwisho, hadi Oktoba au Novemba, zina sukari nyingi kiasi kwamba hamira inachoka kabla ya kuimaliza. Huo ndio mvinyo mtamu. Mwaka ukiwa wa baridi na mvua, mapovu na mkavu vinatawala. Mwaka wa jua ndio wa utamu. Mkulima anapanga, ila mwaka ndio unaoamua.

Pale Vouvray na Saumur miamba ni ya chokaa laini iitwayo tuffeau. Waliichimba wakajengea makasri na makanisa, na mashimo yaliyobaki yakawa maghala ya mvinyo, yenye ubaridi uleule kiangazi na masika, bila umeme.

Tofauti na ninyi ni kubwa. Dodoma hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, ndiyo maana mnapogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Wao ni mara moja tu, na kosa la mwaka huu wanalisubiri mwaka mzima kulirekebisha. Ila ningekuwa na Chenin Hombolo ningeiga jambo moja: kutovuna shamba zima siku moja. Sehemu ningeikata mapema, kabla joto halijaumaliza uchachu, na nyingine ningeiacha. Tembea kwenye mistari, zionje kila asubuhi. Ulimi wako utakwambia mengi ambayo kalenda haiwezi.

Binti yangu anasoma Angers. Anasema huko wanavuna zabibu zilizooza na mvinyo wake unauzwa ghali. Ananitania?

Hakutanii, mama. Mimi mwenyewe nimezikata kwa mkono wangu, msimu mmoja niliposaidia kuvuna kwenye mteremko wa mto Layon, tawi dogo la Loire lililo kusini ya Angers. Asubuhi ukungu ulikuwa umetanda, humwoni aliye mstari wa pili, na vidole vinaganda juu ya mkasi. Nilipewa kishada cha kwanza nikataka kukitupa. Upande mmoja punje zilikuwa za manjano, nzuri. Upande wa pili zilikuwa za rangi ya zambarau iliyochafuka, zimesinyaa, zina vumbi la kijivu kama jivu la sigara. Mama aliyekuwa akinifundisha kazi akachomoa moja ya zile mbovu, akanipa. Ilikuwa asali, na nyuma ya asali ganda la chungwa. Akasema: hizi kata, zile za manjano ziache, tutazirudia. Ukiona weusi, au ukisikia harufu ya siki, tupa chini.

Ni kuvu aitwaye Botrytis cinerea. Anatoboa ganda la zabibu, maji yanatoka taratibu, na kinachobaki ni sukari, uchachu na harufu vilivyokolea. Lakini anahitaji vitu viwili vinavyogombana: asubuhi ya unyevu na mchana mkavu wenye jua na upepo. Mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo, kuvu huyohuyo anaozesha shamba zima. Mto mdogo wa Layon ndio unaoleta ule ukungu wa asubuhi. Kiswahili chetu kimeliona jambo hili vizuri, kwani kinaita ukungu ule unaotanda bondeni, na kinaita ukungu ule unaoota juu ya tunda.

Ghali? Lazima. Zabibu iliyosinyaa haina juisi ya kutosha, na wavunaji wanarudi shamba lilelile mara tatu, nne. Sehemu maarufu kuliko zote pale inaitwa Quarts de Chaume, yaani "robo za Chaume", kwa sababu zamani mwenye ardhi alidai robo ya mavuno kama kodi.

Hakuna mwekundu huko?

Upo. Chinon, Bourgueil na Saumur-Champigny, zabibu ya Cabernet Franc, ambayo wenyeji wa huko huiita Breton. Ni mwekundu mwepesi, wenye ukakasi wa wastani, na mara nyingi unanukia pilipili hoho. Usiunywe wa moto wa jikoni. Uweke kwenye friji nusu saa kwanza.

Mimi ni mpishi Mombasa, kazi yangu ni samaki, kamba na chaza. Nichague chupa gani ya Loire?

Muscadet, bila kusita. Inatoka karibu na Nantes, ambako mto unakaribia bahari, na wenyeji wanainywa na chaza kwa wingi. Ni mkavu, mwepesi, una uchachu unaofanya kazi ya ndimu juu ya samaki. Tafuta chupa iliyoandikwa "sur lie": maana yake mvinyo umekaa juu ya mashapo ya hamira majira yote ya baridi, ukapata unono kidogo.

Zabibu yake, Melon de Bourgogne, ilishika pale baada ya baridi ya mwaka 1709 kuua mizabibu mingi. Hiyo ilivumilia kuliko nyingine.

Niliona picha ya mashamba ya Loire usiku, mamia ya mioto kati ya mizabibu. Ni sherehe?

Hapana, ndugu yangu, ni usiku wa hofu. Machipukizi hutoka mwishoni mwa Machi na Aprili, wakati baridi haijaondoka. Usiku ukiwa mweupe, bila wingu wala upepo, nyuzi chache chini ya sifuri zinatosha kuyaunguza yote. Ilitokea Aprili 1991, na tena Aprili 2021. Mzabibu huchipua mara ya pili, ila hayo machipukizi ya pili huzaa kidogo mno.

Mioto uliyoiona ni ndoo za nta, zinawashwa kwa mamia kwa hekta. Wengine wana feni kubwa juu ya nguzo, zinazovuta hewa yenye joto kidogo kutoka juu na kuishusha. Wengine hunyunyizia maji: yanapoganda hutoa joto, na chipukizi linasalimika ndani ya barafu. Yote hayo ni gharama kubwa, na mwenye shamba dogo mara nyingi anabaki na njia moja tu, ya kuchelewesha kupogoa. Akisubiri hadi Machi, macho ya mzabibu huchelewa kufunguka kwa siku kadhaa, na siku hizo kadhaa zinaweza kumwokolea mavuno.