Filamu ya kinga imekauka juu ya boneti: naitoaje bila kung'oa rangi?

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nipo Mtwara mjini, upande wa Shangani. Nina Noah ya rangi ya fedha niliyoinunua kwa mtu. Boneti, bampa la mbele na kingo za milango zimebandikwa ile plastiki angavu ya kuzuia mawe. Kwenye bampa bado iko vizuri, ila ya boneti imekuwa njano, ina nyufa, kingo zimenyanyuka na mchanga umeingia chini yake. Fundi mmoja ameniambia tuiloweke kwa tina halafu tukwangue na wembe, nusu saa kazi imekwisha. Moyo unasita. Naweza kuitoa mwenyewe nyumbani? Blowa ya moto sina, nina draya ya saluni ya mke wangu.

JIBU: Moyo wako umesita mahali pake, ndugu yetu. Klia ya kiwandani, yaani tabaka angavu la juu kabisa la rangi, ina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na rangi nzima, kuanzia praima, ile rangi ya chini inayoshika bati, mpaka klia, ni kama mikroni 100 hadi 150. Filamu iliyolala juu yake ni mikroni 150 hadi 200. Anayekwangua kwa wembe anapambana na kitu kinene kilichokaa juu ya kitu chembamba, na mkono hauna namna ya kujua kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi. Tina nayo haipiti kwenye filamu nzima. Inapita kwenye nyufa, inafika kwenye rangi, inakaa hapo imefunikwa huku ikila. Na rangi ya fedha ni miongoni mwa zile ngumu zaidi kuzirudisha kipande kipande, kwa sababu chembe zake za kung'aa hulala tofauti kila mara inapopulizwa. Ukichubua sehemu moja, mara nyingi utalazimika kupiga rangi boneti zima.

Kuitoa mwenyewe unaweza. Draya inatosha, ila kwa boneti lenye nyufa sisi tungetanguliza maji ya moto. Tutafika huko. Kabla ya joto lolote kuna jambo linaloamua karibu kila kitu: hilo boneti lina rangi ya kiwandani, au liligongwa likapigwa rangi upya?

Rangi ya kiwandani huokwa kwenye tanuri la nyuzi 140 hivi na hushika bati barabara. Filamu itatoka, rangi itabaki. Iliyopigwa gereji hutegemea fundi aliisugua vipi bati na kama praima ilikauka. Kwa gari la mkononi, chukulia kwamba limepigwa mpaka ujiridhishe. Fungua boneti uangalie bolti za bawaba: zikiwa na alama za spana, au rangi yake imekatika, boneti lilishawahi kutolewa. Tazama mipira ya pembeni na upande wa ndani wa boneti kama kuna vumbi la rangi lililorushwa. Kisha chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa chembamba, uipitishe taratibu kwenye sehemu zisizo na filamu. Mahali inaposhika kwa ulegevu kuliko pengine, chini yake kuna puti, ule udongo wa kujazia mabonde kwenye bati. Mwisho, sehemu ya ndani isiyoonekana, gusa kwa pamba yenye tone la tina, sekunde mbili tu. Pamba ikitoka na rangi, hiyo ni NC ya bei nafuu, rangi inayokauka kwa hewa tu na kuyeyuka tena kwa tina, na hapo usiguse boneti kwa kimiminika kingine chochote zaidi ya sabuni na mafuta ya kula. Isipotoka, ni ya kiwandani au ni 2K iliyokomaa, yaani rangi ya gereji inayochanganywa na dawa ya kuikausha.

Kama dalili za kupigwa upya ni nyingi, jiulize kama uko tayari kupaka rangi. Tunasema hivi mapema kwa sababu kuna rangi ambayo hakuna ufundi wa kuiokoa: imeshaachia bati, na kinachoishikilia ni hiyohiyo filamu.

Sasa joto. Gundi ya filamu hizi haikauki kama gundi ya mbao. Inabaki laini kidogo maisha yake yote, na tabia yake hubadilika kwa joto na kwa kasi. Ikiwa baridi inashika kwa nguvu, na filamu inakatika mkononi. Ikipata nyuzi 50 hadi 60 inalegea na kufuatana na filamu. Ikipita hapo sana inakuwa kama jojo iliyotafunwa: filamu inatoka peke yake, gundi yote inabaki kwenye rangi. Kipimo cha mkono ni hiki: weka kiganja kwenye boneti. Ukivumilia sekunde mbili tatu kisha ukalazimika kutoa, joto ni sawa. Ukishindwa hata sekunde moja, subiri lipoe. Kwa hiyo kukosa blowa ya moto si hasara kwako. Nyingi hutoa hewa ya nyuzi 300 na zaidi, nyingine hufikia 600, na ikisimama mahali pamoja hata kwa muda mfupi klia huvimba. Draya haifiki huko kirahisi. Ishike umbali wa sentimita 10 na uitembeze bila kusimama.

Jua la Mtwara nalo lifanye kazi, ila si wewe ufanye kazi juani. Liache gari nje tangu asubuhi, saa tano lisogeze kivulini au chini ya turubai, na uanze papo hapo. Ukivulia juani boneti linazidi joto na gundi inabaki. Upepo wa kusi ukiwa unavuma, tafuta ukuta wa kujikinga, maana mchanga ukitua kwenye gundi laini ndio utakaokuja kukwaruza rangi utakapofuta.

Osha gari kwanza kwa sabuni na maji mengi, hasa kwenye kingo zilizonyanyuka. Mchanga ulio chini usiusugue. Usukume nje kwa maji ya mpira. Andaa taulo mbili nzito, birika la maji ya moto, chupa ya kupulizia yenye maji na matone machache ya sabuni ya vyombo, vitambaa laini vinne au vitano, na kadi za plastiki. Kadi ya benki iliyokwisha muda ni kifaa kizuri kuliko vingi vinavyouzwa. Lainisha ukingo wake kwa msasa ili usiwe na ncha.

Anzia kwenye kona ya chini ya boneti karibu na madigadi, mahali pasipoonekana sana, kipande cha sentimita 5 tu. Hicho ndicho kipimo chako. Pasha, inua ukingo kwa kucha au kadi, kisha vuta. Na namna ya kuvuta ndiyo inayowashinda wengi. Usivute kwenda juu kama unayeng'oa kitu ardhini. Kunja filamu ijirudie yenyewe, mkono ukiwa karibu na boneti, uvute kurudi nyuma sambamba na bati. Ukivuta kwenda juu nguvu yote inakusanyika kwenye mstari mmoja mwembamba na kuinua rangi. Ukivuta kwa kulala, gundi inanyooka na kuachia. Nenda sentimita moja au mbili kwa sekunde. Gundi ya aina hii ikivutwa kwa haraka inageuka ngumu, ndiyo maana mtu mwenye hasira hung'oa rangi pale pale ambapo mwenye subira angevua salama. Kila baada ya sentimita 20 geuza kipande uangalie upande wa gundi. Ukiona unga wa fedha au vipande vya klia, simama. Ongeza joto kidogo, badilisha upande wa kuvutia, punguza kasi. Vikiendelea kutoka, kata ulichokwishavua kwa mkasi ukiwa umekiinua mbali na bati, na ulipeleke gari kwa fundi rangi lilivyo.

Sehemu zenye nyufa hazitakupa kipande kirefu cha kushika. Filamu iliyochomwa na jua kwa miaka hupoteza unyumbufu na kuvunjika kama ganda la yai. Boneti huumia zaidi ya bampa kwa kuwa jua linaliangukia juu na injini inalipasha kwa chini. Hapa ndipo taulo zinapohusika. Acha maji yaliyochemka yatulie dakika tatu au nne, tandika taulo, mwagia polepole mpaka ilowe, uiache dakika tatu. Mvuke unaingia kwenye nyufa na kulainisha filamu na gundi kwa pamoja, na maji hayawezi kuunguza rangi kama blowa. Ondoa taulo, puliza maji ya sabuni ili kadi iteleze, usukume kadi ikiwa imelala, pembe ya nyuzi 30 au chini ya hapo. Taulo ya pili iwe tayari inaloweka kipande kinachofuata. Boneti ambalo filamu yake bado nzima huisha ndani ya saa mbili. Hili lako lipe siku nzima, na uligawe mara mbili ikibidi. Hiyo nusu saa uliyoahidiwa ni ya kuharibu.

Gundi itabaki, usishangae. Mafuta ya nazi ni mazuri na hapo kwenu hayasumbui kupatikana: paka, acha saa moja au hata usiku kucha, kisha futa. Hayadhuru rangi ya aina yoyote, ni polepole tu. Ukitaka haraka na rangi ni ya kiwandani au 2K, lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, kilaze juu ya gundi dakika 5 hadi 10, halafu isogeze gundi kwa kidole ijiviringishe. Nusu lita inatosha boneti zima. Usiyaache yakaingia kwenye mipira, huivimbisha, na fanya kazi mbali na moto. Petroli iache: hukauka kabla haijalainisha chochote, na mvuke wake unawaka kwa cheche ndogo ya swichi ya draya. Ukimaliza osha kwa sabuni mara mbili ili mafuta yaishe, kisha, kama rangi si NC, futa kwa spiriti ya duka la dawa ukianzia sehemu ndogo ya kujaribia. Kidole kikipita bila kunata, gundi imekwisha.

Utaona mstari mahali filamu ilipoishia, pengine na rangi inayong'aa zaidi upande mmoja. Hiyo ni rangi ya nje iliyofifia kwa jua. Kompaundi laini, ile krimu ya kusugulia rangi, kwa mkono kwenye sehemu iliyofifia, kisha polishi na waksi boneti zima, hupunguza tofauti kwa kiasi kikubwa. Palipochubuka hadi bati, hata kama ni punje ya mtama, paka praima siku hiyo hiyo. Kwa hewa ya chumvi ya Shangani kutu haingoji wiki.

Bampa liache kwanza. Ni plastiki, hulainika kwa joto dogo kuliko bati, na rangi ya bampa lililowahi kutengenezwa ndiyo inayobanduka kuliko zote, kwa sababu mafundi wengi huruka praima ya plastiki. Filamu yake ikiwa bado angavu na kingo zimeshika, inaendelea kukukinga na kokoto za barabara ya Masasi. Siku utakapoona dalili ya njano, itoe hapo hapo ingali inanyumbuka. Kingo za milango zivue sasa kwa draya, ni vipande vyembamba vya dakika kumi kimoja. Kama taa za mbele nazo zimebandikwa, tumia joto la draya na maji ya sabuni tu: petroli na tina hupasua plastiki ya taa kwa nyufa ndogondogo zisizotoka kwa polishi.